Diski zinaonya joto kila alasiri: nizizime, nibadilishe, au ninunue AC?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina studio ndogo ya picha na video hapa Arua, Uganda. Tunapiga harusi, mahafali na mikutano ya makanisa. Kazi zote tunazihifadhi kwenye sanduku la diski nne lililounganishwa na mtandao wa ofisi. Diski hizo tulizinunua pamoja miaka minne iliyopita. Sanduku liko ndani ya kabati la mbao lenye kufuli kwa sababu tuliwahi kuibiwa, na UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) iko rafu ya chini yake. Tangu Januari linanitumia onyo la joto karibu kila siku kuanzia saa tisa alasiri, na mara nyingine usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane, wakati hakuna mtu kazini. Jana diski ya kwanza ilisoma nyuzi 53, ya pili 58, ya tatu 57, ya nne 52. Simu yangu inasema Arua ni nyuzi 32. Kijana mmoja ameniambia nifungue kifuniko nielekeze feni ya meza. Mwingine anasema diski ikichemka niiweke kwenye friza usiku kucha. Wa tatu anasema nizime tu maonyo, mbona kazi inaendelea. Pia nina SSD ya nje (diski ya chipu, isiyozunguka): nikihamisha video za harusi nzima inachemka mpaka siwezi kuishika, na kasi inashuka. Ni feki? Ninunue diski mpya, au AC?"*

Ndugu yangu, usizime chochote kwa hofu, wala usikimbilie dukani. Nyuzi 58 za Selsiasi hazitaiunguza diski leo, ila si joto la kuiacha nalo kiangazi kizima. Umenipa tarakimu nyingi nzuri, lakini ile inayohitajika kuliko zote haimo: joto la hewa ndani ya kabati. Hizo nyuzi 32 za simu ni makadirio ya hewa ya mji, kivulini, penye upepo. Sanduku lako halivuti hewa hiyo. Linavuta hewa iliyofungiwa ndani ya mbao pamoja na UPS, pengine chini ya paa la mabati lisilo na dari. Mpaka tuijue hewa hiyo, 58 haituambii mkosaji ni nani.

Jambo moja litangulie lakini. Leo, kabla hujashika bisibisi, nakili kazi ambazo wateja hawajachukua uziweke kwenye diski nyingine iliyo nje ya sanduku. Fanya asubuhi mapema, chumba kikiwa baridi. Najua sanduku limepangwa ili diski moja ikifa data isipotee. Mpangilio huo unakuokoa na kifo cha diski moja tu. Haukuokoi na mwizi, na radi, na kijana aliyefuta folda kwa bahati mbaya, wala na diski mbili za umri mmoja zilizopikwa pamoja kwenye kabati moja.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Tarakimu unayoiona haitoki kwenye hewa. Kila diski ina kihisi chake ndani, na kinachosomwa ni joto la mwili wa diski. Watengenezaji wengi wa diski za kuzunguka huandika kwamba mwisho wa kufanyia kazi ni nyuzi 60. Baadhi ya zile zilizoundwa kukaa nyingi pamoja hufika 65 au 70. Tafuta namba ya modeli kwenye lebo, kisha usome karatasi ya mtengenezaji ujue zako ziko wapi. Onyo unalotumiwa, hata hivyo, halitoki kwa mtengenezaji wa diski. Linatoka kwenye sanduku, na aliyelitengeneza ameweka kizingiti chake chini kidogo ya ukomo ili upate muda wa kufanya jambo. Juu zaidi kuna kizingiti kingine, ambacho sanduku likikifikia hujizima lenyewe. Wewe uko katikati ya hivyo viwili.

Hakikisha pia unasoma mahali sahihi. Kwenye ukurasa wa sanduku kuna jedwali la SMART, ambamo diski hujieleza hali yake. Joto liko mstari wa 194, mara nyingine 190. Soma safu ya thamani ghafi (raw). Kwa diski nyingi safu ya thamani ya kawaida kwenye mstari wa 190 ni 100 kutoa joto, kwa hiyo 42 pale maana yake ni nyuzi 58, na nimeona watu wakiifurahia hiyo 42 bure. Ukiwa hapo hapo, andika pembeni mistari ya 5, 197 na 198. Ndiyo inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. Tutairudia.

Joto linatoka wapi? Ndani ya diski ya kuzunguka kuna mota inayozungusha sahani mara 5,400 au 7,200 kwa dakika bila kupumzika, kuna mkono unaorusha vichwa vya kusoma huku na huko, na kuna bodi ya umeme. Umeme wote unaoingia humo hatimaye hugeuka joto. Diski moja ikifanya kazi hula wati 5 hadi 9 hivi. Zidisha kwa nne, ongeza bodi na kichakataji cha sanduku, ongeza umeme ambao UPS inaupoteza yenyewe ikichaji betri. Umefungia kabatini kitu kama ile balbu ya zamani ya wati 40 au 60, inayowaka usiku na mchana, kisha ukapiga kufuli. Feni iliyo nyuma ya sanduku inafanya kazi yake, inatoa hewa moto nje ya sanduku. Lakini nje ya sanduku bado ni ndani ya kabati, na hewa ile ile inazunguka na kuvutwa tena mbele, kila mzunguko ikiongezeka joto, mpaka mbao zenyewe zianze kupitisha joto nje. Mbao ni mpitishaji mbaya sana wa joto.

Ndiyo maana nakuomba upige hesabu ya kutoa. Nunua kipima joto cha bei nafuu, hata kile cha ukutani, ukiweke mbele ya sanduku pale hewa inapoingia, kabati likiwa limefungwa. Saa kumi alasiri soma kipima joto, soma na diski, kisha toa joto la hewa kwenye joto la diski. Diski ikizidi hewa inayovuta kwa nyuzi 10 hadi 15, sanduku liko sawa: feni inazunguka, njia za hewa ziko wazi, tatizo ni hewa unayolilisha. Ikizidi kwa 20 au zaidi, hewa haipiti kwenye diski jinsi inavyotakiwa, yaani kuna vumbi, au feni imechoka, au kuna kitu kimeziba mgongo wa sanduku. Kwa mfano kipima joto kikisoma 45, diski yako ya 58 imezidi kwa 13 tu, na pesa yoyote utakayoitumia kwenye diski mpya itakuwa ya kutupa, maana hizo mpya nazo zitasoma 58 humo humo. Kikisoma 35, tofauti ni 23, na hapo kabati lina nafuu, fungua sanduku.

Kuna jaribio lingine lisilo na gharama. Siku moja kaa na ufunguo wako mfukoni, acha mlango wa kabati wazi kuanzia saa nane mchana huku kazi ikiendelea kama kawaida. Diski haipoi haraka, ni chuma kizito, ipe saa moja na nusu. Zikishuka zote kwa nyuzi nane au kumi, umempata mkosaji.

Mimi, kwa hizo tarakimu nne ulizonipa, nashuku kabati. Zimepanda zote kwa pamoja. Diski ya pili na ya tatu zimezidi za pembeni kwa nyuzi tano, na hilo ni la kawaida: za katikati zimebanwa na wenzake kushoto na kulia, hazina ukuta wa kutolea joto. Ingekuwa diski moja tu iko 58 na zingine tatu ziko 44, ningeshuku diski ile, au kihisi chake. Na saa zenyewe zinasema. Saa tisa alasiri ndipo mabati yamekwisha kunywa jua la mchana kutwa, na kama kabati limeegemea ukuta wa magharibi, nao unaanza kupigwa.

Lile onyo la usiku wa kuamkia Jumatatu lina maelezo mengine, na si jini. Masanduku mengi hujipangia ukaguzi wa diski usiku wa mwisho wa wiki: husoma kila sehemu ya kila diski kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta makosa. Diski zote nne hufanya kazi kwa nguvu saa nyingi mfululizo, madirisha yamefungwa, mlango umefungwa. Usiufute ukaguzi huo, ndio unaogundua ubovu mapema. Nenda kwenye ratiba ya sanduku uuangalie: kama ni wa kila wiki, ufanye wa kila mwezi, na uanze saa kumi alfajiri wakati chumba kimepoa kabisa, ila uwe siku ambayo hamna kazi nyingi asubuhi.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo vitabu vya maelekezo havielezi sana. Arua iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kama Kampala. Hewa huko ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Feni inasukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini hewa yenyewe imebeba joto pungufu. Hiyo pekee inakuongezea nyuzi moja au mbili, si zaidi, ila ni vizuri kujua kwa nini sanduku kama lako lililoko Mombasa linaweza kusoma tofauti na lako hata hewa ya vyumba ikiwa na joto sawa. La pili ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara zetu ni laini, linapita kwenye matundu, likikutana na unyevu wa msimu wa mvua linaganda kama udongo wa chungu kwenye mabawa ya feni. Feni inazunguka, unaisikia, lakini hewa haiendi.

Umeuliza kama diski zinakufa. Hapa nataka nikuondolee hofu bila kukudanganya. Watu wengi huamini kwamba kila nyuzi inayoongezeka inakata uhai wa diski moja kwa moja. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja walizokuwa wakizitumia, na wakakuta uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Ndani ya joto la wastani, diski za vuguvugu hazikufa zaidi ya zile za baridi. Zilizokuwa baridi sana ndizo zilizokuwa na hali mbaya. Lakini picha ilibadilika kwenye joto la juu, na ilibadilika zaidi kwa diski zilizozidi miaka mitatu. Zako zina minne. Kwa hiyo ningekuwa naandikiwa na mtu mwenye diski za mwaka mmoja zinazosoma 47, ningemwambia alale. Wewe sikuambii ulale.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kichwa cha kusoma hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, na umbali huo unarekebishwa muda wote na kipasha joto kidogo sana kilichomo ndani ya kichwa chenyewe. Joto linatanua chuma, linalainisha mafuta ya beringi za mota, linachosha vifaa vya kwenye bodi. Diski ina akili ya kufidia hayo yote, ila nafasi ya kufidia inapungua kadiri unavyokaribia ukomo. Kupanda na kushuka kila siku nako kunachosha. Diski inayokaa 45 saa zote naipendelea kuliko inayolala 30 na kushinda 58.

Sasa washauri wako watatu. Wa feni ya meza hakukosea sana, amekosea kifuniko. Sanduku limeundwa ili hewa iingie mbele, ilazimike kupita katikati ya diski, itoke nyuma. Ukiondoa kifuniko unaifungulia hewa njia ya mkato: feni ya nyuma inavuta hewa ya pembeni iliyo karibu nayo, na katikati ya diski, penye joto, hewa inasimama. Tena unalikaribisha vumbi. Feni ya meza inafaa kwa kulisukumia sanduku hewa ya chumba, kifuniko kikiwa mahali pake na mlango wa kabati wazi. Na tukumbuke kwamba feni haipozi hewa, inaihamisha tu. Ndani ya kabati lililofungwa inazungusha joto na kuongeza lake.

Wa friza, mkatalie kabisa. Diski ikitoka kwenye baridi ile ikakutana na hewa ya chumba, matone ya maji yanajitokeza juu yake kama kwenye chupa ya soda, na kwa kuwa diski nyingi za kawaida zina tundu dogo la kupumulia, unyevu unaweza kufika hadi ndani kwenye sahani. Ukiiwasha hapo unaweza kupoteza kila kitu. Kuna hadithi za zamani za diski zilizofufuka kwa friza; waliopoteza harusi za watu kwa njia hiyo hawasimulii.

Na wa kuzima maonyo? Kama kizingiti chenu kimewekwa 45 kwa diski ambayo ukomo wake ni 65, kukipandisha hadi 50 au 52 ni busara, kwa sababu onyo linalolia kila siku mwishowe hakuna anayelisoma. Kulizima lote, hapana. Kule kujizima kwa sanduku lenyewe, usikuguse hata ukiombwa.

Tukija kwenye kazi ya mikono, ningeanza na UPS. Itoe kabatini leo. Inaongeza joto, na yenyewe inateseka: betri za risasi zilizomo hupoteza karibu nusu ya uhai kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Pengine hata sasa haishiki dakika nyingi umeme ukikatika. Iweke chini, mahali penye hewa, kebo ipite kwenye tundu.

Kisha usafi. Zima sanduku kwa njia yake, kutoka kwenye ukurasa wake, si kwa kuchomoa. Taa zikizimika subiri nusu dakika nyingine ndipo uliguse, maana sahani huchukua muda kusimama na diski inayozunguka haipendi kutikiswa. Chomoa plagi. Litoe nje ya chumba. Tumia brashi laini kavu ya rangi na blowa, si kitambaa chenye maji. Unapopuliza feni ishike kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi ya blowa beringi zake huharibika. Ukitoa diski, andika namba kwenye kila moja kwa kalamu ya kudumu kufuatana na nafasi yake, na usipulize kwenye lile tundu dogo la kupumulia.

Iangalie feni kwa makini, kwa sababu ndicho kifaa pekee cha bei ndogo kinachoweza kuua vya bei kubwa. Izungushe kwa kidole: izunguke kwa ulaini na iendelee kidogo ukiiachia. Ikikwaruza, ikisimama ghafla, ikiwa inalia asubuhi ikiwashwa kisha kunyamaza, imekwisha. Kwenye ukurasa wa sanduku angalia pia mpangilio wa kasi. Masanduku mengi huja yamepangwa kwenye hali ya kimya, kwa ajili ya watu wa nchi za baridi wanaoliweka sebuleni. Wewe chagua hali ya kupoza. Kelele itaongezeka, ila liko kabatini, nani atalalamika? Ukinunua feni mpya, peleka ya zamani dukani. Ukubwa, unene, volti na idadi ya waya kwenye kiunganishi vyote vilingane, kwa sababu waya moja kati ya hizo ndiyo inayoliambia sanduku kasi ya feni. Ikikosekana sanduku litadhani feni imekufa na litalia upya. Mshale ulio ubavuni mwa feni unaonyesha hewa inakoelekea. Ufungwe uelekee nje.

Kabati lenyewe halihitaji kutupwa. Wizi ni tatizo la kweli na sitakuambia uweke sanduku mezani dirishani. Mwite seremala akate tundu kubwa chini mbele na lingine kubwa juu nyuma, kila moja angalau mara mbili ya ukubwa wa tundu la feni ya sanduku, ayazibe kwa wavu wa chuma uliopigiliwa kwa ndani. Hewa moto hupanda, kwa hiyo hilo la juu ndilo lisilojadilika. Acha sentimita 10 nyuma ya sanduku. Kama bado haitoshi, feni moja ya milimita 120 ya kutoa hewa kwenye tundu la juu itamaliza kazi. Sogeza kabati litoke ukuta wa magharibi. Watu huweka sponji kwenye tundu la chini kuchuja vumbi, na ni wazo zuri ikiwa kuna mtu atakayeiosha kila wiki. Kama hayupo, usiiweke. Sponji iliyoziba ni mbaya kuliko tundu tupu.

AC? Inapoza, hilo halina ubishi, na kama studio ina wateja wanaokaa ndani, nunua kwa ajili yao. Kwa ajili ya sanduku peke yake sikushauri uanzie hapo. Bili ni kubwa, na kuna mtego: umeme ukikatika AC inazima lakini sanduku linaendelea kwa UPS, ndani ya chumba ulichokifunga kabisa ili baridi isitoke. Joto hupanda haraka kuliko ungekuwa na madirisha wazi. Ukiwa na AC, panga UPS ilizime sanduku kwa utaratibu baada ya dakika chache. Na hewa ya AC isielekezwe usoni mwa sanduku. Kulaza diski (kuzisimamisha zisizunguke) zikikaa bila kazi kunapunguza joto pia, lakini zikilala na kuamka mara ishirini kwa siku zinachakaa kwa njia nyingine. Weka zilale baada ya saa moja au zaidi bila kazi, au usizilaze.

Ile SSD ya nje haihitaji kuwa feki ili ichemke. SSD za kasi zikiandikwa mfululizo hufika nyuzi 70 na kuendelea, na zikifika kizingiti chao hujipunguzia kasi makusudi ili zisiungue. Ni kinga. Lakini kuna sababu ya pili ya kasi kushuka: SSD nyingi zina sehemu ndogo ya haraka ya kupokelea data, na ikijaa kinachobaki ni mwendo wake halisi. Zitofautishe hivi. Ikishuka baada ya gigabaiti zile zile kila mara hata asubuhi ikiwa baridi, ni sehemu hiyo imejaa. Ikishuka inapochemka na kupanda ikipoa, ni joto, na hapo iweke juu ya kipande cha chuma au bati nene, si juu ya kitambaa au mkoba wa kamera, na uhamishe kwa mafungu. Ufeki unaopatikana zaidi madukani ni wa ukubwa: diski inajitangaza terabaiti 2 na ndani ina kidogo. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Mac na Linux, huijaza diski na kuisoma tena na kukuambia ukweli. Ifanye ikiwa tupu.

Nyongeza kuhusu hiyo SSD: usiifanye ghala la miaka. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, ikiwa imefika mwisho wa uhai wake wa kuandikwa, itunze data mwaka mmoja ikiwa imezimwa kwenye nyuzi 30. Droo iliyo chini ya mabati inazidi 30, na joto linafupisha muda huo. Nakala ya kudumu iende kwenye diski ya kuzunguka inayowashwa na kukaguliwa mara kwa mara, ikae nyumbani, si studio.

Diski mpya, je? Rudi kwenye ile mistari ya SMART. Kama wa 5, wa 197 na wa 198 ni sifuri kwenye zote nne, sioni sababu ya kununua sasa. Rekebisha hewa. Zikiwa na tarakimu ndogo isiyobadilika kwa wiki kadhaa, nunua moja ya akiba uiweke. Tarakimu ikipanda wiki hadi wiki, badilisha diski hiyo, ila usiibadilishe wakati sanduku bado ni moto: kujenga upya data kwenye diski mpya kunazifanyisha kazi zile tatu za zamani kwa masaa mengi, pengine siku nzima, na huo ndio wakati ya pili hupenda kufa. Poza kwanza, nakili kwanza, ndipo ubadilishe.

Kuna hali ambazo hutakiwi kuendelea kusoma ushauri wangu, unatakiwa kuzima na kumtafuta fundi. Diski inagonga au kukwaruza. Sanduku linasema diski imetoka kwenye kundi. Kuna harufu ya plastiki iliyoungua kwenye adapta au UPS. Joto linazidi 60 hata mlango ukiwa wazi asubuhi na mapema. Kama diski inagonga na data yake haiko popote pengine, usiiwashe tena kujaribu bahati, na usimruhusu yeyote aifungue mezani kwake: chembe moja ya vumbi kati ya kichwa na sahani inatosha. Kazi hiyo hufanywa kwenye chumba kisicho na vumbi, ni ghali, na nafasi yake hupungua kila unapoiwasha.

Ukimpata fundi, mwambie kwa maneno machache na ikibidi umwandikie: asiumbize (format) diski yoyote, asikubali sanduku likimwuliza kama lianze upya, asibadilishane nafasi za diski. Humo mna nyuso na sherehe za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inakudai wewe uliyezikusanya, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi kwamba hanakili chochote, na kazi ifanyike studio kwako ukiwepo. Mpe pia karatasi yenye joto la kabati na la kila diski kwa siku tatu, saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Akiisoma kabla ya kufungua skrubu, baki naye. Asipoitazama, mtafute mwingine.